Tumbo la Mama Makochi na Kona Arobaini na Moja

Kuna watu wanaoogopa nyoka, kuna wanaoogopa radi, na kuna Mama Makochi, ambaye hakuogopa kitu chini ya jua ila kiti cha gari. Na mtu mwenyewe alikuwa fundi wa makochi kwa miaka thelathini na moja! Kiti chochote cha nyumbani alikijua nje ndani. Angekichana, akakitoa utumbo, akakijaza upya na kukishona, na siku ya tatu mwenye kiti akija, hakijui. Lakini kiti hichohicho ukikiwekea magurudumu chini, habari imekwisha. Gari likitoka mlangoni kwake hadi stendi, tumbo lake lilikuwa limeshafunga mizigo na kuanza safari ya kupanda juu.

Kwa miaka mingi jambo hilo halikumnyima usingizi. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake, soko lilikuwa mtaa wa pili, na miguu anayo. Shida ilianza pale binti yake wa pekee alipoolewa na fundi wa magari wa mji wa juu. Na mji huo uko juu kweli. Kutoka bondeni kuna barabara moja tu, ina kona arobaini na moja, na kila kona imepinda kuliko mwenzake. Harusi ilifanyika bondeni kwa ajili yake, kisha binti akaondoka na mumewe, na mama mtu akabaki amesimama kando ya barabara anapunga leso hata baada ya gari kupotea.

Miaka miwili sasa, na nyumba ya mwanawe hajaitia jicho. Alijua kwamba mlango wake ni wa bluu. Alijua kwamba bomba la jikoni linavuja na kwamba kochi la sebuleni limelegea upande wa kushoto, na hilo la kochi lilimuuma kuliko yote. Ila vyote hivyo alivijua kwa simu.

Basi binti akawa na mimba ya kwanza, na ilipofika miezi minane akapiga simu na ombi moja.

"Mama, sitaki kitanda cha mtoto, sitaki nguo. Nataka siku hiyo uwepo, unishike mkono. Basi."

"Nitakuja," alisema Mama Makochi.

"Utakujaje?"

"Wewe zaa tu. Kuja ni kazi yangu."

Alipokata simu aliketi juu ya kochi la mteja akalia kidogo, halafu akacheka, kwa sababu hakuwa na hata fununu ya jinsi atakavyofika. Kutembea ilikuwa siku mbili, na magoti yake yalikuwa na umri wake.

"Ningekuwa na ungo ningeruka," alimwambia jirani yake, muuza vitambaa wa mlango wa pili.

"Na juu ya ungo ungetapika," jirani alimjibu bila kuinua macho kwenye mkasi.

Ilibidi wategemee mkwe. Huyu mkwe alikuwa kijana mrefu, mikono imejaa grisi, na adabu yake ilipita kiasi. Mama Makochi akisimama, naye anasimama. Mama Makochi akiketi, yeye anabaki amesimama vilevile asije akakosea. Kumtazama mama mkwe usoni hajawahi. Alizungumza na mlango, alizungumza na dari, na siku moja alizungumza kwa heshima zote na cherehani. Mama Makochi alimpenda mno na hakujua jinsi ya kumwambia, kwa hiyo naye alizungumza na cherehani.

Jumamosi ya kwanza mkwe alishuka na gari lake, stesheni wagoni kuukuu la rangi ya maziwa. Lilikuwa limechoka huko chini. Kila lilipokata kona lililala upande mmoja hadi Mama Makochi akawa anaiona lami kupitia dirishani, kisha likainuka, kisha likalala upande wa pili. Alijikaza. Alifumba macho, akafumbua, akaomba Mungu. Kona ya tisa alitapika kwenye mfuko wa nailoni aliokuja nao, akashuka, akasema asante sana mwanangu, akaanza kurudi nyumbani kwa miguu. Mkwe hakuthubutu kumbembeleza arudi ndani. Aligeuza gari, akawasha taa za dharura, akamfuata nyuma polepole kona zote tisa, utadhani msafara wa mheshimiwa.

Sasa, wewe na mimi tungefanya jambo moja la kawaida. Tungemuuliza abiria: mama, ulianza kujisikia vibaya wapi, na gari lilikuwa linafanya nini? Lakini huyu alikuwa mkwe! Mkwe amuulize mama mkwe habari za matapishi yake? Ng'o. Angekubali kula spana kuliko kutamka neno "tumbo" mbele yake. Akaenda kuwauliza mafundi wenzake, vijana wa gereji ambao kila mmoja alikuwa bingwa wa kitu ambacho hakuulizwa. Wakamwambia kwa sauti moja: gari linalala kwenye kona kwa sababu limesimama juu sana. Lishushe. Kata springi.

Akazikata. Alichukua mashine ya kukatia chuma, akaondoa mizunguko miwili kwenye kila springi, na gari likachuchumaa. Jumamosi ya pili liliingia mtaani tumbo karibu liguse ardhi. Watoto walishangilia, jirani muuza vitambaa akapiga kigelegele, na Mama Makochi akapanda akiwa na matumaini ya bibi harusi.

Ni kweli, kwenye kona halikulala sana. Ila kila kokoto barabarani sasa lilikuwa na ujumbe wa kumfikishia. Gari lilipiga shimo, likaruka. Likatua, likaruka tena. Kabla halijamaliza kuruka kwa ajili ya shimo la kwanza, la pili likafika. Safari hii hakufika hata kona ya tisa. Kona ya sita, mfuko wa nailoni, asante sana mwanangu, na taa za dharura nyuma yake hadi nyumbani.

Jioni binti akapiga simu. "Mama, vipi gari?"

Na hapa ndipo mama mtu mzima, mwenye akili zake timamu, alipofanya kosa. Aliwaza jinsi kijana wa watu alivyolala chini ya gari Jumapili nzima kwa ajili yake. Unamwambiaje mtu kama huyo kwamba kazi yake imekutesa kuliko mwanzo?

"Gari zuri sana," alisema. "Mwambie limetulia mno."

"Ulitapika wapi?"

"Mbali tu."

"Mbali wapi?"

"Mbali na nyumbani," alisema Mama Makochi, akaanza kuuliza habari za bomba la jikoni.

Kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa kuna gharama zake. Mkwe aliposikia mama mkwe amesifu, kichwa kikavimba kwa furaha. Kumbe njia ndiyo hiyo! Akaongeza palepale aliposifiwa. Akatia springi mpya, nene, ngumu, za kufaa kubebea mifuko ya saruji. Akatoa matairi ya kawaida akaweka ya kisasa, mapana, yenye ubavu mwembamba kama ukanda na rimu kubwa za kung'aa. Jumamosi ya tatu gari lilipendeza hadi likatia aibu nyumba zilizokuwa karibu nalo.

Mama Makochi hakufika kona ya kwanza. Barabara bado ilikuwa imenyooka! Meno yaligongana, hereni moja ikaruka na kupotelea chini ya kiti, kilemba kikamfunika macho, na kwa sauti ndogo kutoka ndani ya kilemba akasema, "Mwanangu, simamisha."

Walisimama kando ya barabara, yeye amekaa juu ya jiwe, mkwe amesimama mbele yake ameinamisha kichwa. Kisha Mama Makochi akaona tone la maji likidondoka kwenye kiatu cha kijana. Halikuwa jasho.

"Nimeshindwa, mama," aliuambia mlingoti wa umeme. "Zimebaki wiki tatu. Kila siku anaulizia. Nimeshindwa kukuleta."

Moyo wa Mama Makochi ulipasuka vipande viwili. Kimoja kilimwonea huruma, na cha pili kilimcheka yeye mwenyewe, mama mzima aliyeona afadhali kumdanganya mkwe kuliko kumuudhi. Mficha uchi hazai, wahenga walishasema, na hapa aliyetaka kuzaa alikuwa mwanawe.

"Nitazame," alisema. "Mimi, siyo huo mlingoti. Gari lako ni baya."

Mkwe akamtazama. Ilikuwa mara ya kwanza, na Mama Makochi akagundua kwamba kijana ana macho mazuri.

"Lilikuwa baya, ukalifanya baya zaidi, na leo umelikamilisha. Twende kwangu nikuonyeshe kitu."

Ndani ya karakana kulikuwa na kochi lililovuliwa nguo zote, limebaki mbao na springi tupu. Akamwamuru akae.

"Hapo, mama? Mbele yako?"

"Kaa!"

Akakaa, akazama, akarushwa juu, akazama tena. Alikuwa mzito, na kochi likamchezesha hadi magoti yakakaribia masikio. Mama Makochi aliuma midomo asicheke. Kisha akamhamishia kochi la pili, lililokuwa limekwisha kufungwa gunia na kujazwa sponji ngumu, bado kitambaa tu. Akakaa. Likashuka, likapanda kidogo, likanyamaza.

"Springi ni zilezile," Mama Makochi alisema, "nimezinunua siku moja, duka moja. Springi haina kosa, mwanangu. Springi kazi yake kuruka. Kosa ni pale isipopata wa kuituliza. Sasa sikiliza, na usione haya. Nilipotapika..."

Mkwe akatazama dari.

"Nilipotapika! Sema na wewe."

"Ulipo... ulipotapika," alinong'ona mkwe.

"Haikuwa kwa sababu ya mashimo. Shimo ni pigo moja, linapita. Ninachotapikia ni baada ya shimo. Gari linaitikia, linaitikia, linaitikia, mpaka tumbo langu linauliza, kwani ibada inaisha saa ngapi? Na kwenye kona si kule kulala peke yake. Ni lile kukurupuka kwenda upande wa pili kabla mimi sijafika upande wa kwanza."

Mkwe alisimama wima. Alitoka nje bila hata kuomba ruhusa, jambo ambalo hajawahi kulifanya, na Mama Makochi akamfuata. Kijana aliketi kwenye bampa la nyuma la gari.

"Mama, kaa hapa. Tulisukume chini pamoja, springi hizi ni ngumu. Nikisema tatu, tunainuka."

Basi mtaa mzima ukamwona mama mkwe na mkwewe wameketi bega kwa bega juu ya bampa, wanarukaruka. Walipoinuka, gari likaendelea peke yake, na muuza vitambaa akahesabu kwa sauti kutoka mlangoni kwake: "Moja! Mbili! Tatu! Nne! Eh, bado! Tano!"

"Shokapu," mkwe alisema, akajipiga kofi la paji la uso na kuacha alama ya grisi. "Nimebadilisha springi mara mbili, nimebadilisha hadi matairi, na shokapu ni zilezile zilizozaliwa na gari. Zimekufa zamani."

"Hiyo shokapu ndiyo nini?"

"Ni bomba lina mafuta ndani, linakaa pamoja na springi. Springi inabeba gari. Springi ikitaka kuchezacheza, shokapu inaishika. Inaiambia, umeshashuka, umeshapanda, sasa tulia."

"Kumbe ni gunia na sponji."

"Ndiyo hiyohiyo, mama! Na mimi nilikuwa naongeza springi juu ya springi." Alianza kucheka, na hakuwa amewahi kucheka mbele yake. Kicheko chake kilikuwa chembamba kuliko mwili wake, kikamwambukiza Mama Makochi, na wote wawili wakashikilia gari wasianguke.

Walirudi ndani. Mama Makochi alimwonyesha jinsi anavyofunga springi za kochi kwa kamba, kutoka ya kushoto hadi ya kulia, ili mtu akikaa upande mmoja, upande wa pili nao uvutwe chini na kochi lisimmwage. Mkwe aliishika ile kamba muda mrefu.

"Hata hii ipo kwenye gari," alisema. "Kuna chuma kinapita chini, kinaunganisha gurudumu la kushoto na la kulia. Ndicho kinachozuia gari lisilale kwenye kona. Cha kwangu mipira inayokishika imekwisha, kinaning'inia tu. Na mimi nikaenda kukata springi!"

"Sasa unajua," alisema Mama Makochi. "Chai unakunywa ukiwa umekaa au umesimama?"

Alikunywa amekaa. Vikombe vitatu.

Tangu siku hiyo binti alipoteza kazi ya utarishi. Simu zilikwenda moja kwa moja, na zilikuwa nyingi. "Mama, samahani, unapenda kiti cha mbele au cha nyuma?" Cha mbele. "Mama, unakula kabla ya safari?" Ndizi moja. "Mama, nimetoa zile springi za saruji, nimeweka za kimo chake cha asili, ngumu kidogo tu kuliko za zamani. Matairi nimerudisha yale yenye ubavu mnene, ubavu nao unapunguza vishindo." Vizuri, baba. "Mama, shokapu zimefika, nne, mpya!" Mama Makochi alipiga kelele karakanani hadi mteja akaangusha mto. Mwenyewe alijishangaa. Miezi sita nyuma ungemwambia atashangilia mabomba ya mafuta, angekutafutia daktari.

Jumamosi ya tano ilimkuta kazini, aproni kiunoni, nyundo mfukoni, misumari midogo mitatu mdomoni. Gari lilisimama mlangoni. Halikuwa limechuchumaa, halikuwa na rimu za kung'aa. Lilikuwa gari tu. Alitema misumari, akatoka, akaketi kwenye bampa kwa uzito wake wote, akainuka.

Likashuka. Likapanda. Kimya.

"Moja!" muuza vitambaa alipiga kelele, akangoja. "Moja tu!"

"Mpaka kona ya kwanza, mama," alisema mkwe. "Jana nimelipeleka kupimwa kama magurudumu yamenyooka. Twende tuone, halafu tunarudi ufunge mizigo yako taratibu. Bado wiki moja."

Alipanda na aproni yake. Kona ya kwanza ikaja, mkwe akagusa usukani, na gari likaenda. Mama Makochi alisubiri lilale. Liliinama kidogo, kama mtu anayekupisha mlangoni, likanyooka.

"Imekwisha?" aliuliza.

"Imekwisha, mama."

"Basi twende ya pili."

Ya pili ikapita, ya tatu ikapita. Ya sita aliipungia mkono. Ya tisa, ile ya mfuko wa kwanza wa nailoni, aliitolea ulimi. Mkwe alikuwa anaeleza mambo, maneno yanamtoka kama bomba la jikoni kwake: zamani nilikuwa nazungusha usukani, gari linafikiria kwanza, sasa nikiwaza tu, limeshakwenda. Magurudumu hayaruki tena, yanabaki chini yakishika barabara, hata breki zinakamata vizuri. Mama Makochi hakusikia hata nusu. Alikuwa amefungua dirisha. Kona ya kumi hakuwahi kuiona maishani mwake, na baada yake bonde lote lilikuwa chini yake, mabati ya nyumba yanametameta, na mojawapo lilikuwa lake.

"Kumi na moja!" alipiga kelele dirishani. "Kumi na mbili! Weee! Kumi na tatu!" Alicheka mpaka machozi. Alikuwa na miaka hamsini na minane, na alikuwa anajiuliza kwa nini hakuna aliyemwambia kwamba gari ni kitu kitamu namna hii.

Walikuwa kona ya ishirini na tatu simu ya mkwe ilipolia. Aliegesha pembeni akaipokea kwa sauti ya nje.

"Mume wangu," sauti ya binti ilisema, na pumzi zilikuwa zinakatika. "Chupa imepasuka. Jirani yetu amenileta hospitali. Njoo."

"Nakuja! Nipo njiani, na mama—"

"Usimwambie mama." Sauti ikawa ndogo. "Nakuomba. Atalia huko peke yake, na kuja hawezi. Tutampigia mtoto akishazaliwa."

Simu ikakatika. Mama Makochi alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja. Uso wa mkwe ulikuwa umekauka.

"Kanyaga," alisema Mama Makochi.

"Mama, nikikanyaga utatapika."

"Nikitapika nitajifuta. Kanyaga!"

Akakanyaga. Hakuwa mwendawazimu, upande wake hakuuacha, na kona asizoona mbele alipunguza. Lakini sasa gari lilifanya kazi lililotengenezewa. Kona ishirini na tano, ishirini na sita, kushoto, kulia, na kila mara lilikuwa limeshakaa sawa kabla kona nyingine haijafika. Kona ya thelathini waligonga shimo la kutosha kufugia samaki.

"Moja!" alisema Mama Makochi akishikilia dashibodi. Akangoja. "Moja tu! Hongera, mwanangu!"

Kona ya thelathini na nane lori lilikuwa mbele yao, likipumua moshi mweusi na kwenda kwa kutafakari. Hakukuwa na mahali pa kulipita. Moshi ukaingia. Na hapo Mama Makochi alihisi mate yakimjaa mdomoni, yale mate anayoyafahamu, na jasho baridi nyuma ya shingo. Furaha yote ikamtoka. Zimebaki kona tatu! Aliona waziwazi jinsi itakavyokuwa: atashuka, atakaa juu ya jiwe, na mwanawe atazaa ameshika chuma cha kitanda.

Alifunga dirisha. Akakaza macho mbali, kwenye kilele. Akaweka kiganja juu ya aproni.

"Wewe tumbo," alisema kwa sauti, "nimekulisha miaka hamsini na minane. Sijakuomba kitu. Leo nakuomba kona tatu."

Mkwe alisikia kila neno na hakutazama dari. "Pumua nami, mama," alisema. Wakapumua pamoja, kwa kelele, kama wanaozaa wao. Gari likapanda likiwa limetulia, bila kuyumba, bila kuongeza chochote juu ya yale yaliyokuwepo. Thelathini na tisa. Arobaini. Baada ya arobaini na moja lori likakata kushoto, barabara ikanyooka, Mama Makochi akafungua dirisha, hewa baridi ya mji wa juu ikaingia, na mate yakarudi yalikotoka.

Hospitalini mkwe aliegesha gari mshazari katikati ya uwanja, akafungua mlango. Alibaki ameketi na funguo mkononi, anacheka na kulia. "Tangulia, mama," alisema. "Tangulia tu, nakuja."

Mama Makochi alitangulia. Mlinzi wa lango la wodi alimsimamisha, akaitazama aproni, chembe za sponji zilizonasa kichwani, na mfuko wa mbele.

"Mama, nyundo ya nini?"

"Ya kazi. Nishikie," alisema, akamkabidhi, akapita kabla mlinzi hajapata swali la pili.

Binti alikuwa kitanda cha mwisho, amelala ubavu, ameelekea ukutani, mkono mmoja umeng'ang'ania chuma cha kitanda. Mama Makochi aliubandua ule mkono kwenye chuma, kidole kimoja kimoja, akauweka ndani ya wake.

"Asante, nesi," binti alisema huku macho yamefumbwa. Kidole gumba chake kikapita juu ya ncha za vidole vile, ngumu, zilizotobolewa na sindano miaka thelathini na moja. Kikapita tena. Akageuka.

"Mama?"

"Nipo."

"Mama! Umekujaje?"

Mama Makochi alitaka kujibu kwa utulivu, kama mtu aliyezoea safari, lakini kicheko kilimponyoka kikajaza wodi nzima.

"Kwa gari, mwanangu," alisema. "Nimekuja kwa gari, kama watu."

Binti akaanza kucheka naye, uchungu ukamkuta katikati ya kicheko, akaubana mkono wa mama yake kwa nguvu zake zote, na mama yake hakuuachia mpaka mtoto alipolia.